Mlango wa Shangani na Barza za Karavia: Nyumba ya Tippu Tip katika Historia ya Kiswahili cha Kongo

1. Utangulizi

Mgeni anayefika jioni katika nyumba ya Karavia, hapa Lubumbashi, mara nyingi hukaribishwa kwanza kwenye barza. Neno hili hulitumia anayesema Kiswahili, na hulitumia vilevile anayesema Kifaransa cha nchi yetu, kiasi cha kuwafanya baadhi ya wanafunzi kudhani kuwa ni neno la Wabelgiji. Sivyo. Barza ni baraza, neno la Kiswahili cha pwani. Wakoloni walilikuta limekwisha kufika bara, wakalichukua, wakalikata irabu moja kwa matamshi yao, kisha wakalirudisha kwetu pamoja na nyumba walizozijenga. Hata maana yake ya pili, yaani mkutano wa wazee wanaokaa kushauriana, haikupotea njiani: mwaka wa 1998 jamii za Kivu ya Kaskazini zilipounda chombo cha kusuluhisha migogoro yao, chombo hicho kilipewa jina la Barza.

Neno halisafiri peke yake. Hubebwa na watu, na watu wale nao huwa wamebeba mizigo mingine. Katika makala haya tunakusudia kulifuata neno hili kwa kurudi nyuma, mpaka mlangoni pa nyumba moja iliyoko katika mtaa wa Shangani, Mji Mkongwe wa Unguja. Nyumba hiyo hujulikana kwa jina la Tippu Tip. Tumeichagua kwa kuwa historia yake haiwezi kuelezwa kwa ukamilifu bila kuitaja Kongo, ilhali wengi wanaoieleza hutaja mlango wake, ngazi zake na jina la mwenyewe, kisha huishia hapo. Hoja yetu ni kwamba nyumba hii ni sehemu ya historia yetu sisi tunaosema Kiswahili upande huu wa Ziwa Tanganyika. Anayeielewa vizuri hawezi tena kukubali dhana iliyozoeleka kwamba pwani ilitupa Kiswahili kama zawadi, nasi tukakiharibu.

2. Nyumba yenyewe

Nyumba ya Tippu Tip imo Shangani, ile rasi ya magharibi ambayo ndiyo sehemu ya Mji Mkongwe iliyokaliwa zamani na wafanyabiashara wakubwa na balozi za kigeni. Iko nyuma ya jengo la Africa House, ambalo lilikuwa klabu ya Waingereza tangu mwaka wa 1888, katika kichochoro chembamba ambacho mpita njia anaweza kukivuka bila kutambua kuwa ameipita nyumba mashuhuri. Kinachomsimamisha ni mlango: mkubwa, wa mbao nzito, wenye vizingiti na miimo iliyochongwa nakshi, nao umeinuliwa juu ya ngazi za marumaru nyeupe na nyeusi.

Ili kuielewa nyumba hii yafaa kwanza kueleza jinsi nyumba za aina yake zilivyojengwa. Kuta ni za mawe ya matumbawe yaliyofungamanishwa kwa chokaa na udongo, nazo huwa na unene wa zaidi ya nusu mita. Chokaa hiyo ilipatikana kwa kuchoma matumbawe yaleyale. Dari na sakafu za ghorofani hubebwa na boriti, yaani miti ya mikoko iliyopangwa kwa karibu. Kwa kuwa boriti moja haiwezi kuvuka nafasi ya zaidi ya mita tatu hivi bila kupinda, vyumba vya nyumba za mawe huwa virefu lakini vyembamba. Kwa hiyo upana wa sebule ya tajiri uliamuliwa na urefu wa mti wa mkoko. Utajiri ulionekana kwingine: katika idadi ya vyumba na ghorofa, katika samani, na hasa katika mlango.

Mpangilio wa nyumba nao ni lugha. Nje, kandokando ya mlango, kuna baraza, kiti cha mawe kilichoshikamana na ukuta. Hapo ndipo mwenye nyumba alipoongea na wapita njia na watu wa biashara ambao hawakustahili, au hawakuhitaji, kuingia ndani. Ndani ya mlango kuna daka, nafasi ya kupokelea ambayo humzuia aliye nje asione undani. Baada ya daka huja ua wa kati, halafu vyumba, na juu kabisa makazi ya wanawake na watoto. Kutoka baraza hadi ghorofani, kila hatua ni daraja la heshima na la siri. Anayejua istilahi hizi anaweza kuisoma jamii yote ya mji katika nyumba moja.

Watembeza wageni hupenda kueleza nakshi za milango ya Unguja kana kwamba ni herufi: samaki ni riziki, yungiyungi ni uzazi, na mnyororo uliochongwa pembezoni ni alama ya mwenye kufanya biashara ya watumwa. Maelezo haya yana ladha, ila yafaa kupokewa kwa tahadhari. Mnyororo ni pambo linaloonekana kwenye milango mingi sana, na si kila mwenye mlango wa namna hiyo alikuwa mfanyabiashara wa watu. Tena maelezo hayo yana hatari nyingine: humfanya msikilizaji aridhike na pambo, asiulize mbao, marumaru na kazi ya fundi vililipwa kwa fedha gani. Kwa nyumba hii, jibu la swali hilo linatuleta Kongo.

3. Mwenye nyumba

Hamed bin Muhammed el Murjebi alizaliwa Unguja yapata mwaka wa 1837. Baba yake, Muhammed bin Juma, alikuwa mfanyabiashara wa misafara aliyejiimarisha Unyanyembe, karibu na Tabora ya leo, akaoa huko binti wa mtemi Fundikira. Kwa nasaba Hamed alihesabiwa Mwarabu. Kwa damu na kwa malezi alikuwa mtu wa pwani na wa bara kwa pamoja, na lugha aliyoiishi ilikuwa Kiswahili. Jina la Tippu Tip alipewa bara. Wengine hulihusisha na kupepesa kwa macho yake. Mwenyewe alieleza kuwa ni mlio wa bunduki zake masikioni mwa watu waliokimbia mbele yake. Maelezo yote mawili yamesalia, ila lile alilolichagua mwenyewe linatosha kutuonyesha jinsi alivyotaka kukumbukwa.

Katika miaka ya 1860 alipita kusini mwa Ziwa Tanganyika na kumshinda Nsama, mtawala wa Itabwa, akateka akiba yake ya pembe na shaba. Mwaka wa 1867 alikutana na David Livingstone na kumsaidia safarini. Baadaye aliingia katika nchi ya mto Lualaba. Huko Utetela alijipatia utawala kwa ulimi zaidi kuliko kwa baruti: alipopata habari kwamba zamani dada wa mtawala Kasongo Rushie walitekwa na kupelekwa mbali, alijitangaza kuwa mjukuu wa mmoja wao aliyerudi nyumbani, na mzee yule akamwachia nchi. Mwanafunzi wa fasihi simulizi atatambua hapa nguvu ya hadithi ya nasaba. Mwanafunzi wa historia atatambua gharama yake.

Kasongo na Nyangwe, katika Maniema ya leo, ikawa miji ya wafanyabiashara wa pwani na wafuasi wao. Mwaka wa 1874 Tippu Tip alikutana na Cameron, na mwaka wa 1876 akakubali kumsindikiza Stanley sehemu ya njia kuelekea chini ya mto. Miaka kumi na moja baadaye Stanley alimfuata Unguja kwa jambo jingine: mwezi wa Februari 1887 Tippu Tip alikubali kuwa wali wa Maporomoko ya Stanley, yaani Kisangani, kwa niaba ya Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold II. Walisafiri kwa meli moja, wakazunguka kusini mwa Afrika hadi mdomo wa mto Kongo. Hivyo mtu aliyetajwa Ulaya kuwa mkuu wa wauza watumwa akawa, kwa miaka mitatu, mtumishi wa dola iliyojinadi kuja kuukomesha utumwa.

Aliondoka Kongo mwaka wa 1890 na kufika Unguja mwaka wa 1891. Hakurudi tena. Kati ya 1892 na 1894 majeshi ya Dola Huru yaliwapiga wafanyabiashara wa pwani. Nyangwe ilitwaliwa Machi 1893, Kasongo Aprili 1893, na Sefu, mwanawe Tippu Tip, aliuawa mwaka huohuo. Baba alikuwa kwake Unguja, mbali na vita. Alifariki huko Juni 1905.

4. Mali iliyojenga

Pembe za ndovu ndizo zilizokuwa shabaha ya misafara, na pembe zilihitaji mabega. Frasila moja ni ratili 35 hivi, karibu kilo 16, na njia kutoka Lualaba hadi bahari ilikuwa ya miezi mingi. Wengine waliobeba mizigo walikuwa wapagazi wa kulipwa, hasa Wanyamwezi. Wengine walikuwa mateka waliouzwa au kuzuiwa katika utumwa. Mapatano ya Juni 1873, ambayo Sultani Barghash alilazimishwa na Waingereza kuyatia saini, yalifunga soko la watumwa la Unguja na kukataza kuwasafirisha kwa bahari. Hayakuukomesha utumwa wenyewe: hadhi ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba ilifutwa mwaka wa 1897 tu, na mashamba ya karafuu yaliendelea kulimwa kwa jasho la watu waliotoka bara. Waandishi wengi hueleza kuwa kufikia mwaka wa 1895 Tippu Tip alikuwa na mashamba saba na watumwa wapatao elfu kumi. Hata kama hesabu hiyo ilikuzwa, ukubwa wa mali yake haubishaniwi.

Msafara wa namna hiyo haukuanza kwa bunduki, bali kwa mkopo. Nguo, shanga, nyaya na baruti zilikopeshwa na matajiri wa Kihindi wa Unguja, nao walilipwa kwa pembe misafara iliporudi. Mdhamini mkuu wa Tippu Tip alikuwa Tharia Topan. Huyu naye aliacha jengo: lile la zahanati lililo ukingoni mwa bahari, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka wa 1887 na kazi yake kukamilishwa baada ya kifo chake. Msomaji aone uhusiano ulivyo. Majengo mawili, moja lenye roshani za mbao kando ya bandari na jingine lililojificha Shangani, ni matunda ya daftari moja la biashara, na ukurasa mkubwa wa daftari hilo uliandikwa katika mabonde ya Lualaba na Lomami.

Upande wa Kongo, biashara ileile iliacha vitu vya namna nyingine. Iliacha vijiji vilivyohama au kuteketea. Iliacha pia kilimo cha mpunga Maniema, dini ya Kiislamu, mavazi, na tabaka la watu waliojiita waungwana. Neno hili la mwisho linastahili kuangaliwa. Mwungwana wa pwani ni mtu huru, asiye mtumwa, mwenye adabu za mji. Wafuasi wa misafara, ambao wengi wao walikuwa wazaliwa wa bara na baadhi yao wametoka utumwani, walijipa jina hilo ili kujitenga na hali waliyoikimbia. Wazungu walipoandika juu ya lugha yao waliiita Kingwana, na jina hilo likadumu katika vitabu vya lugha kama jina la Kiswahili cha Kongo. Ni ajabu ya historia kwamba lugha ya watu walionyimwa uhuru iliitwa kwa neno lenye maana ya uhuru.

5. Nyumba ya mawe na nyumba ya maneno

Tippu Tip aliacha Unguja jengo jingine ambalo halikujengwa kwa matumbawe. Katika miaka yake ya mwisho, kwa kuombwa na Mjerumani Heinrich Brode, aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili, kwa hati ya Kiarabu. Brode aliyageuza maandishi hayo katika hati ya Kirumi na kuyachapisha Berlin mwaka wa 1902 na 1903. Tafsiri ya Kiingereza ya W. H. Whiteley ilitolewa mwishoni mwa miaka ya 1950, na mwaka wa 1974 François Bontinck, mmisionari na mwanahistoria aliyefundisha nchini mwetu, alitoa Brussels tafsiri ya Kifaransa yenye maelezo. Kitabu hiki kimo miongoni mwa tawasifu za mwanzo kabisa za Kiswahili, na sehemu yake kubwa inatendeka katika ardhi ya Kongo. Kwa hiyo mwanafunzi wa Lubumbashi anayekisoma anasoma fasihi ya pwani na historia ya nchi yake kwa wakati mmoja.

Tunapolinganisha kitabu na nyumba tunaona kuwa vimejengwa kwa ramani moja. Kitabu nacho kina baraza na kina undani. Barazani tunakutana na watu wenye majina: masultani, wafanyabiashara, Wazungu, ndugu na washindani. Tunaelezwa pembe ngapi zilipatikana, kwa frasila, na nani alidai nini kwa nani. Wapagazi, wapishi, mateka na wanawake waliochukuliwa wamo ndani, lakini kwa kawaida wamo kama idadi. Hawasemi, na wanaposemewa, husemewa na aliyewaongoza au aliyewateka.

Hatulitaji jambo hili ili kukitupa kitabu. Kinyume chake, ukimya huo ni ushahidi wa aina yake kwa mchunguzi wa lugha. Mwandishi anapotaja chifu kwa jina na watu mia kwa tarakimu, sarufi yake inatueleza mpangilio wa jamii yake waziwazi kuliko tamko lolote. Kazi ya msomaji wa Kongo ni kukisoma kitabu kama anavyopaswa kuitazama nyumba: kuuona mlango, na kuwakumbuka waliopita kwa nyuma na mizigo.

6. Kutoka Shangani hadi Lubumbashi

Hapa yafaa kujihadhari na kosa jingine. Ni rahisi kusema kwamba Tippu Tip ndiye aliyetuletea Kiswahili, kana kwamba lugha nzima ilitoka katika nyumba moja. Kwa Maniema na Kisangani, mchango wa misafara hauna shaka. Kwa Katanga njia zilikuwa nyingi. Kusini, Msiri, ambaye asili yake ilikuwa upande wa Unyamwezi, alikuwa na mji wake Bunkeya na kufanya biashara na pwani zote mbili kabla ya kuuawa Desemba 1891 na mjumbe wa msafara wa Stairs. Kando ya ziwa, Mapadri Weupe walikabidhiwa Mpala mwaka wa 1885, wakatumia Kiswahili katika mafundisho. Askari na watumishi walioajiriwa Unguja na Stanley nao walikuwa wamekwisha kukitawanya.

Kuhusu mji wetu wenyewe, Johannes Fabian alionyesha katika kitabu alichokitoa mwaka wa 1986 kwamba Kiswahili hakikuingia Élisabethville kwa urithi wa moja kwa moja wa misafara. Mji ulianzishwa mwaka wa 1910, reli ikiwa imefika kutoka kusini mwaka uleule, na katika miaka ya mwanzo lugha za kazi kutoka kusini zilisikika sana, kwa kuwa wafanyakazi wengi walitoka Rhodesia ya Kaskazini. Kiswahili kilipata nguvu migodini na kambini hasa pale Union Minière ilipowaajiri watu kutoka Lomami, Maniema na Ruanda-Urundi, na pale utawala ulipoona faida ya lugha isiyowaunganisha wafanyakazi na makoloni ya Waingereza. Kisha wenyeji wakakifanya chao. Mwaka wa 1965 chama cha watumishi wa nyumbani wa zamani kilitoa historia ya mji kwa Kiswahili cha hapa, wakisimulia maisha ya waliofanya kazi katika nyumba za Wazungu. Wale waliosimama kwenye barza kungoja amri ndio walioandika.

Kuna basi mistari miwili inayokutana katika neno lile tulilolianza. Mstari mmoja unatoka barazani pa Shangani, ukapita Tabora, Ujiji na Kasongo. Mwingine unapita katika nyumba za kikoloni za Lubumbashi, ambako baraza ilipoteza irabu yake. Hata jina la Shaba, ambalo mkoa wetu ulibeba kuanzia 1971 hadi 1997, ni neno la Kiswahili cha pwani kwa madini yaliyochimbwa na kufuliwa hapa karne nyingi kabla ya msafara wowote wa pwani kufika. Madini ni yetu. Neno ni la wote.

Mstari huo pia ulikwenda upande wa pili. Watu wa kutoka mashariki ya Kongo, walioitwa kwa jumla Wamanyema, walifika Ujiji, Bagamoyo, Dar es Salaam na Unguja, wengi bila hiari. Walikaa, wakazaa, wakasilimu, wakajenga misikiti, wakasema Kiswahili cha miji hiyo. Wataalamu waliokutana Mombasa mwaka wa 1928 walipochagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, walichagua lugha ya mji ambao wakazi wake wengi walikuwa wazao wa watu wa bara. Hatudai kuwa Kiunguja kiliundwa na Wakongo. Tunasema tu kwamba mji ulioitwa chemchemi ya Kiswahili safi ulikuwa pia mji wa babu zetu wasio na majina, na kwamba vinywa vyao navyo vilikisema na kukirithisha. Kwa hiyo mwalimu anayemwambia mtoto wa Katuba kwamba lugha yake ni uharibifu wa lugha ya watu wengine anaikosea historia kabla ya kumkosea mtoto. Kiswahili sanifu tukifundishe kwa sababu kinatufungulia vitabu na majirani. Tusikifundishe kama deni ambalo hatukulipa. Lililipwa.

7. Kuhifadhi nini?

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilitaifishwa, wenyewe wakiwa wamekimbia au kufukuzwa, na familia zenye kipato kidogo zikapewa vyumba ndani yake. Nyumba ya Tippu Tip nayo kwa miaka mingi ilikaliwa na familia kadhaa. Wapo waliosikitika kuona kamba za nguo katika ua wa tajiri. Sisi tunaona kuwa hali hiyo ina haki yake, maana huenda miongoni mwa waliolala humo walikuwamo wajukuu wa waliobeba pembe. Lakini haki peke yake haizibi paa. Maji ya mvua yakipenya, boriti huoza, sakafu ikalegea, na kuta zikakosa kifungo chake. Saruji inayopakwa juu ya chokaa ili kuharakisha matengenezo hufungia unyevu ndani ya ukuta na kuongeza ubovu.

Mwaka wa 1985 iliundwa Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, na mwaka wa 2000 mji ukaingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia. Zahanati ya Tharia Topan ilifanyiwa ukarabati mkubwa katika miaka ya 1990. Hata hivyo orodha haishikilii kuta: tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, kasri la mwaka wa 1883, iliporomoka na kuua watu wawili.

Kuna pia ubovu wa maelezo. Miongoni mwa sababu zilizotolewa kuuingiza mji katika orodha ni umuhimu wake katika kukomesha utumwa, na mtu anayetajwa hapo kwa jina ni Livingstone. Hatumnyimi sifa yake. Lakini ni jambo la kushangaza kwamba historia ya utumwa imepewa jina la aliyeupinga, na nyumba ya Shangani imepewa jina la aliyetajirika kwao, na baina ya majina haya mawili hakuna jina la Kasongo, la Nyangwe, wala la Lomami. Kumbukumbu ya watumwa iliyochongwa na Clara Sörnäs, na kuwekwa karibu na kanisa kuu la Kianglikana mwaka wa 1998, imewapa wale watu nyuso. Bado hawajapewa mahali walikotoka.

Wasomaji wengine watauliza: kwa nini Mkongo aitetee nyumba ya mtu aliyeteketeza vijiji vya wazee wake? Swali ni la haki, na jibu letu ni fupi. Nyumba ikianguka, anayepoteza si Tippu Tip. Yeye ana kitabu chake katika lugha nne. Anayepoteza ni yule asiyeandika chochote, ambaye kazi yake haina ushahidi mwingine wa kuonekana kwa macho isipokuwa mawe yale na ngazi zile. Kuihifadhi nyumba si kumheshimu mwenyewe. Ni kukataa kuutupa ushahidi.

8. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba nyumba moja ya Shangani inafaa kusomwa pamoja na nchi iliyoilipia, na kwamba kusoma huko kunabadilisha jinsi tunavyojitazama sisi wasemaji wa Kiswahili wa Kongo. Kwa upande wa hifadhi, pendekezo letu ni dogo na halina gharama kubwa: kila maelezo ya nyumba hii, yawe ya kibao, ya kitabu au ya mtembeza wageni, yataje mahali pembe zilikotoka na watu waliozibeba. Kwa upande wa vyuo vyetu, tawasifu ya Hamed bin Muhammed isomwe katika Kiswahili chake, na isomwe sambamba na historia ya mji iliyotungwa na watumishi wa Élisabethville, ili mwanafunzi asikie sauti ya aliyekaa ndani na ya aliyesimama nje.

Nasi tunaokaa Lubumbashi tuna nyumba zetu za kale, ambazo kuta zake zinabomolewa mbele ya macho yetu kabla hazijaulizwa swali hata moja. Tuanze kuziuliza: nani aliyefyatua matofali, nani aliyelala nyuma ya jiko, maneno gani yalisemwa kwenye barza na kwa lugha ipi. Wazee wanaoweza kujibu bado wako Kamalondo na Kenya, lakini hawatakuwapo daima.